Mkataba wa bima ya afya: 'Kukubali' si 'kukubaliana'

SILABI mbili tu zaweza kugeuza maana ya shughuli nzima. Kitenzi 'kubali' kinamhitaji mtu mmoja: ameletewa jambo, naye ameitikia. Kitie katika kauli ya kutendana kiwe 'kubaliana', na hapo lazima wawepo wawili, kila mmoja akiwa ametoa kitu na kupokea kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa 'pata' na 'patana', 'sikiliza' na 'sikilizana'.

Wakazi wa Muhuru Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, hawahitaji mwalimu wa sarufi awafundishe tofauti hiyo. Mashua za omena zikifika alfajiri, mchuuzi hakubali bei, anapatana. "Omera, debe unatoa ngapi leo?" Mvuvi akitaja bei ya juu kwa kuwa mwezi unang'aa na omena ni haba, mama anamkumbusha kwamba mvua inanyesha, jua la kuanikia halipo, na zikioza hasara ni yake. Kila mmoja ana hoja. Bei inayotoka hapo ni ya wote wawili.

Sasa mfikirie tabibu mwenye kliniki ndogo hatua chache kutoka ufuo huohuo. Analetewa mkataba wa bima ya afya wa kurasa nyingi, kwa Kiingereza cha mawakili. Anafunua hadi ukurasa wa mwisho, anaona palipoandikwa jina lake, anatia sahihi. Siku hizi hata kalamu haihitajiki. Kwenye tarakilishi kuna mahali pa kubonyeza 'nakubali'. Je, hapo watu wawili wamekubaliana, au mmoja amekubali tu?

Swali hili si la darasani. Miezi mitatu baadaye kabati la dawa ni tupu, msambazaji amekataa kukopesha tena, na mama mwenye uchungu wa uzazi anaambiwa alipe taslimu au atafute gari la kumpeleka mjini Migori. Aghalabu chanzo cha masaibu hayo ni neno moja la mkataba ambalo hakuna aliyeuliza maana yake.

Karatasi tatu tofauti

Kwanza tutenganishe mambo ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Watu husema tu, "hospitali hii iko SHA" au "hii haiko SHA", kana kwamba ni jambo moja. Ni matatu.

La kwanza ni leseni. Hutolewa na Baraza la Madaktari, yaani KMPDC, nayo hueleza kituo ni cha kiwango gani. La pili ni kuidhinishwa: bima imekagua kituo na kuridhika kwamba kinaweza kuwahudumia wanachama wake. La tatu ndilo mkataba wenyewe, unaosema huduma gani italipiwa, kwa bei gani, kwa utaratibu upi na ndani ya muda gani. Kituo chaweza kuwa na la kwanza bila la pili, na la pili bila la tatu. Anayedhani leseni ukutani ni ahadi ya malipo amechanganya ruhusa na makubaliano.

Msomaji atakumbuka kwamba Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyoanzishwa mwaka wa 1966, ilifungiwa ukurasa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka wa 2023. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilianza kazi rasmi Oktoba 1, 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara, kama mvuvi au mchuuzi wa omena, hutathminiwa mapato yake na kulipa kiwango kisichopungua Sh300 kwa mwezi. Kwa mgonjwa, mambo yalionekana kuwa ni jina tu lililobadilika. Kwa mwenye kliniki, huo ulikuwa mkataba mpya na mtu mpya, ilhali deni la zamani lilibaki kwa yule aliyekuwa akiondoka.

Nakudai, au nadai?

Neno 'bima' lilitufikia kupitia lugha za Bara Hindi kutoka Kiajemi, ambako mzizi wake unahusishwa na hofu. Kisemantiki linaeleweka: tunachanga leo kwa sababu tunahofia kesho. 'Mkataba' ni la Kiarabu, ndugu wa 'kitabu', 'katibu' na 'maktaba'. Shina lake ni kuandika. Basi ahadi aliyotoa afisa wa bima kwa simu, hata kama ni mtu muungwana, bado haijawa mkataba kwa maana ya asili ya neno. Haijaandikwa.

Neno lenye hatari zaidi ni 'dai'. Katika Kiswahili lina nyuso mbili. Jirani akikwambia, "Nakudai mia tano," deni limekwisha kuthibitika. Kilichobaki ni wewe kutia mkono mfukoni. Lakini gazeti likiandika, "Mwanasiasa huyo alidai kwamba kura ziliibwa," mwandishi anajitenga na maneno hayo. Ni jambo lililosemwa, bado kuthibitishwa.

Tabibu anapotuma madai kwa bima, anayasoma kwa uso wa kwanza: nimemtibu mtu wenu, nawadai. Bima inayapokea kwa uso wa pili: umesema umemtibu mtu wetu, ngoja tuone. Wote wawili wanatumia neno lilelile na wote wawili wako sahihi kwa mujibu wa kamusi. Kazi kubwa ya mkataba ni kueleza dai la uso wa pili linageuka lini kuwa la uso wa kwanza. Mkataba usiosema hivyo haujakamilika, hata ukiwa na kurasa mia moja.

Sarufi ya malipo

Hebu tuchukue sentensi ya mfano, ya aina inayopatikana katika mikataba mingi ukiitafsiri: "Madai yatalipwa ndani ya siku 30 baada ya kuhakikiwa."

Mwenye haraka ataona '30' na kufurahi. Mwanafunzi wa sarufi ataona kiambishi -w- mara mbili. Kauli ya kutendwa ina sifa moja kubwa: inaturuhusu kumficha mtenda. Yatalipwa na nani? Yatahakikiwa na nani, na uhakiki wenyewe utachukua siku ngapi? Siku 30 zimehesabiwa kutoka mwisho wa jambo ambalo mwanzo wake haukutajwa. Uhakiki ukichukua mwaka mmoja, anayelipa siku ya 29 baada ya hapo hajavunja mkataba.

Dai hupita katika vitenzi vinne kabla ya kuwa pesa: linawasilishwa, linapokewa, linahakikiwa, linaidhinishwa. Kila kitenzi kina tarehe yake. Saa ya malipo ikianza kwenye 'kuwasilishwa', iko mikononi mwa kliniki. Ikianza kwenye 'kuidhinishwa', iko mikononi mwa bima. Mtu anaweza kupigania siku 30 badala ya 60 kwa nguvu zake zote na bado akashindwa kwa sababu hakuangalia kitenzi kilichofuata neno 'baada ya'.

Wakenya waliona uzito wa kitenzi hicho mwaka wa 2025. Februari mwaka huo, Chama cha Hospitali za Kibinafsi za Mijini na Vijijini, RUPHA, kiliwataka wanachama wake kusitisha huduma za mkopo chini ya SHA, kikilalamikia malimbikizo ya madeni ya NHIF. Mwezi uliofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hospitali zinazodai Sh10 milioni au chini ya hapo zingelipwa kikamilifu, na zinazodai zaidi zingesubiri madai yao yahakikiwe. Kundi moja lilipewa kitenzi 'kulipwa'. La pili likapewa 'kuhakikiwa'.

Kuna kauli nyingine inayoficha zaidi: ya kutendeka. "Malipo yatafanywa fedha zikipatikana." Katika kutendwa, mtenda yupo ila hatajwi. Katika kutendeka, ni kana kwamba hakuna mtenda kabisa. Fedha zinapatikana zenyewe kama mvua. Ongeza hapo -ki- ya masharti, na ahadi imegeuka kuwa matumaini. Linganisha na "fedha zitakapopatikana", ambapo -po- ya wakati angalau inachukulia kwamba siku hiyo itafika. Ukikutana na sentensi ya namna hii, uliza tu: zipatikane kwa nani?

Tatu, tuangalie vivumishi na virejeshi visivyo na mwamuzi. "Huduma zinazofaa." "Stakabadhi zinazohitajika." "Muda wa kutosha." Zinafaa kwa macho ya nani? Zinahitajika kwa orodha ipi? Kama orodha ya stakabadhi haijaambatishwa, inaweza kurefuka wakati wowote, na kila inaporefuka dai hurudi likiwa na alama nyekundu.

Bei, kichwa na kitita

Je, bei inajadiliwa? Inategemea unazungumza na nani. Bei za SHA huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali na ni zilezile kwa vituo vya kiwango kimoja. Kujifungua kwa njia ya kawaida, kwa mfano, kulipangiwa Sh10,000 na kwa upasuaji Sh30,000. Tabibu wa Muhuru Bay hawezi kwenda Nairobi peke yake akaomba nyongeza. Hapo kupatana bei ni kazi ya vyama, na umoja ni nguvu. Lakini anaweza kuamua ni huduma zipi kituo chake kina uwezo wa kuzitoa kwa bei hizo, na hilo pia ni uamuzi wa kimkataba.

Kampuni za kibinafsi ni tofauti. Huko karibu kila kifungu kinaweza kuguswa: bei, muda wa malipo, njia ya kukata rufaa, notisi ya kuvunja mkataba, na hata siku ya kupitia bei upya. Kinachotakiwa ni kuuliza kwanza malipo ni ya aina gani.

Kuna malipo kwa kila huduma: umepima malaria, unalipwa kipimo, umetoa dawa, unalipwa dawa. Kuna malipo ya jumla kwa tukio zima, kama hayo ya uzazi. Na kuna malipo kwa kichwa, ambayo wauguzi wetu huyaita 'kapitesheni': unapewa kiasi maalumu kwa kila mwanachama kwa mwaka, aje asije.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kampuni inalipa Sh900 kwa kichwa kwa mwaka, na wewe una vichwa 1,000. Hizo ni Sh900,000, sawa na Sh75,000 kwa mwezi. Zinasikika nyingi. Lakini kila mwanachama akija mara nne kwa mwaka, unamhudumia kwa Sh225 kila mara. Akija mara sita, ni Sh150. Kando ya ziwa, ambako malaria na kichocho ni wageni wa kila msimu, mara sita si ajabu. Halafu uliza: 'kichwa' ni nani? Ni aliyesajiliwa, au ni aliyefika na kutibiwa? Na mtoto aliyezaliwa katikati ya mwaka ataanza kuhesabiwa lini?

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, walio karibu sana na Muhuru, wana neno zuri kwa orodha ya huduma na bei zake: kitita cha mafao. 'Kitita' ni vitu vilivyofungwa pamoja, nalo linatufundisha kwamba huwezi kuchomoa kijiti kimoja ukadhani umebeba kitita. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania ulipoanza kutumia kitita kipya Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali kubwa za kibinafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake zikisema bei hizo hazitoshi kulipia gharama. Wagonjwa wenye kadi halali walijikuta wakiambiwa walipe mfukoni. Bei ilikuwa imepangwa. Kilichokosekana ni kupatana.

Namna ya kuzungumza

Mchuuzi wa omena hashindi kwa kupaza sauti. Anashinda kwa kujua idadi ya madebe aliyouza wiki iliyopita. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kukutana na kampuni, tabibu ajue amewatibu wangapi mwaka uliopita, kujifungua kumoja kunamgharimu kiasi gani ukijumlisha glavu, dawa, mshahara wa mkunga wa zamu ya usiku na mafuta ya jenereta, na madai mangapi yalirudishwa na kwa sababu gani.

Pili, ajue anachouza. Kampuni yenye wateja walio waajiriwa Nyatike inahitaji mtu wa kuwatibu hapo hapo. Umbali, ambao kwa kawaida ni mzigo wa mwenye kliniki ya vijijini, hapa unageuka kuwa hoja yake.

Mazungumzo yenyewe huenda yakawa hivi:

"Daktari, huu ni mkataba wetu wa kawaida. Kila mtu ametia sahihi."

"Sawa, madam, hata mimi nataka kutia. Naomba tu kifungu cha malipo kitaje siku ya kuanzia kuhesabu."

"Hiyo haibadilishwi, daktari. Ndivyo mfumo ulivyo."

"Naelewa. Basi tuongeze kiambatisho cha ukurasa mmoja. Wateja wenu wa Muhuru wakinikosa mimi, wataenda wapi saa nane usiku?"

Tazama neno 'kawaida' lilivyotumika. Ni hoja ya mazoea, si ya haki. Mkataba wa kawaida ni ule ulioandikwa na upande mmoja kwa ajili ya watu wengi. Halisemi kama unamfaa huyu mmoja.

Na kiambatisho hicho kiandikweje? Kwa kauli ya kutenda, mtenda akiwa mbele ya sentensi: "Kampuni italipa kila dai ndani ya siku 30 tangu kliniki ilipoliwasilisha. Kampuni itarudisha dai lenye kasoro ndani ya siku 7, ikieleza sababu kwa maandishi. Kampuni isipolirudisha ndani ya muda huo, dai litahesabiwa kuwa limekubaliwa. Kampuni italipa sehemu isiyo na ubishi bila kungoja sehemu yenye ubishi." Sentensi nne. Sasa dai limepewa siku ya kugeuka kutoka uso wa pili hadi uso wa kwanza.

Kampuni inaweza kukataa siku 30 ikataka 45. Vizuri, hapo ndipo -an- inapoingia. Tabibu atakubali 45 nao watakubali kwamba siku zihesabiwe tangu kuwasilishwa. Kila mmoja ametoa, kila mmoja amepokea.

Mkataba uzungumze lugha gani?

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Hata hivyo, mikataba ya bima bado huandikwa kwa Kiingereza pekee. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka wa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo haiondoi utata yenyewe, maana kauli ya kutendwa inaficha mtenda kwa Kiswahili kama inavyofanya kwa Kiingereza. Lakini inamwezesha karani, muuguzi na mkunga kuuona utata huo kabla ya daktari kutia sahihi.

Mahakama za Kenya zilirithi kutoka Uingereza kanuni kwamba maneno yenye utata katika mkataba hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Ni kanuni nzuri, lakini inafaa baada ya ugomvi, na kliniki yenye vitanda vinne haina wakili wa kukaa naye mahakamani miaka miwili. Swali lililoulizwa mapema ni la bure.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, mwenye kituo awaite karani wake na mkunga wake, wakisome kifungu cha malipo kwa sauti na kukieleza upya kwa Kiswahili cha kawaida. Nani atalipa? Atalipa kiasi gani? Ataanza kuhesabu siku lini? Akikataa, atasema kwa nini, na kwa nani tutalalamika? Wakishindwa kujibu hata swali moja kati ya hayo, kifungu hicho hakijakamilika, na kalamu irudi mfukoni mpaka kikamilishwe. Dawa ya deni ni kulipa, walisema wazee. Lakini lazima kwanza pande zote mbili ziafikiane kwamba ni deni.